Anayehamia shamba jipya aulize mvua inaanza lini na inakatika lini

Kila mwaka ifikapo Agosti na Septemba, mazao yakiwa yameuzwa na barabara za vijijini zikiwa zimekauka, safari za kutafuta mashamba huongezeka. Mkulima wa Kilimanjaro aliyebanwa kwenye nusu ekari ya kihamba husikia kwamba Rukwa au Ruvuma kuna ardhi ya kutosha. Mfugaji wa Shinyanga hutazama Lindi. Mwenye duka Arusha huambiwa kuwa Ifakara biashara ya mchele inalipa. Hupanda basi, hulala huko siku 3, huonyeshwa shamba, hutoa malipo ya kwanza, kisha hurudi nyumbani kuuza alichokuwa nacho ili akamalizie deni.

Katika siku hizo 3 huuliza mengi ya maana. Huuliza bei ya ekari, umbali hadi barabara ya lami, ilipo shule na zahanati, na kama shamba lina mgogoro wa mpaka. Kuhusu mvua huuliza swali moja tu: huku mvua zipo? Hujibiwa kuwa zipo, tena nyingi. Jibu hilo laweza kuwa la kweli kabisa na bado likamtia mhamiaji hasara ya mwaka mzima.

Tanzania haina kalenda moja ya mvua. Kanda ya Ziwa Victoria, nyanda za juu kaskazini mashariki na pwani ya kaskazini pamoja na Unguja na Pemba hupata misimu miwili: vuli, ya Oktoba hadi Desemba, na masika, ya Machi hadi Mei. Sehemu nyingine ya nchi, yaani kanda ya kati, magharibi, nyanda za juu kusini magharibi, kusini na pwani ya kusini, hupata msimu mmoja mrefu unaoanza Novemba au Desemba na kumalizika Aprili au Mei mwanzoni.

Tofauti hiyo inatokana na mwendo wa jua la utosi. Ukanda wa mvua hulifuata jua linaposhuka kwenda kusini na linaporudi kaskazini. Mikoa iliyo karibu na ikweta hupitiwa mara mbili, na katikati yake, Januari na Februari, hubaki na jua kali. Mikoa ya kusini ndipo ukanda huo unapogeukia, hivyo kwake kwenda na kurudi ni mvua moja isiyo na pengo kubwa. Ndiyo maana mwezi wa Januari vumbi linaweza kuwa linatimka Same huku Songea wakipalilia mahindi kwenye matope.

Chukua mfano wa familia iliyozoea kalenda ya Moshi. Inahamia karibu na Sumbawanga, inafika mwishoni mwa Januari, inajenga kibanda, inalima, na kusubiri Machi ipande mahindi kama baba na babu walivyofanya. Majirani wao walipanda Novemba na Desemba, na kufikia Machi mahindi yao yana vitumba. Familia ile ikipanda Machi, mvua itakatika mahindi yakiwa kimo cha goti, na baada ya hapo hakuna tone la maana hadi Novemba. Hakuna vuli ya kusahihisha kosa. Mtu wa kaskazini akikosea masika huwa na tumaini la miezi 5 au 6. Wa kusini magharibi akikosea hukaa mwaka mzima akinunua unga.

Kinyume chake pia hutokea. Mkulima wa Mbozi au Mbinga aliyezoea msimu mmoja mrefu huenda Korogwe au Handeni na mbegu yake ya nyanda za juu inayotaka zaidi ya miezi 5 shambani. Vuli haiwezi kulea mbegu hiyo. Wenyeji wa huko hutumia mbegu za muda mfupi kama Situka, au hupanda kunde na mihogo, kwa sababu wanajua vuli yao ni ya kubahatisha.

Jambo la pili linalowaponza wahamiaji ni kuamini jina la mkoa. Mkoa ni mpaka wa utawala, nao wingu haliujui. Morogoro ni mfano mzuri. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, katika utabiri wake wa misimu, huiweka kaskazini ya Morogoro katika kundi la mvua za vuli na masika, na kusini yake katika kundi la msimu mmoja. Kigoma nayo imegawanyika: Kibondo na Kakonko zina mvua mbili, wilaya za kusini moja. Mtu akisema anahamia Morogoro bado hajasema anahamia wapi.

Hata ndani ya wilaya moja mlima hufanya kazi yake. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupanda safu ya Uluguru kwa upande wa mashariki na kumwaga maji huko, kiasi kwamba miteremko ya mashariki hupata mvua karibu kila mwezi, na jumla yake kwa mwaka huzidi milimita 2,000. Upande wa pili wa mlima huo huo, kwenye tambarare za magharibi, mvua haifiki hata nusu ya hiyo. Hali ni hiyo hiyo kati ya Lushoto na Mombo, na kati ya Wapare wa milimani na wale wa tambarare ya Same. Dalali anayesema "ni hapo hapo tu, kilomita 20" anaweza kuwa anamtoa mteja kwenye migomba na kumpeleka kwenye mikonge.

Baadhi ya wahamiaji wenye elimu kidogo hujitahidi zaidi. Hutafuta ramani au kitabu na kusoma jumla ya mvua kwa mwaka. Wakiona milimita 550 kwa Dodoma hupiga hesabu kwamba mahindi yanahitaji milimita 500 hivi, basi yanatosha. Milimita 1 ya mvua juu ya ekari 1 ni lita 4,000 za maji, kwa hiyo milimita 550 ni zaidi ya lita milioni 2 kwa ekari. Kwa hesabu hiyo hakuna wa kulalamika.

Kasoro ni kwamba mahindi hayanywi wastani. Mvua za Dodoma huja kwa vishindo vichache, na sehemu kubwa ya maji hutiririka juu ya ardhi ngumu hadi makorongoni. Halafu kuna pengo linalojulikana na kila mzee wa Kigogo, siku kadhaa za jua kali Januari au Februari, ambazo hukuta mahindi yakitoa mbelewele na ndevu. Wiki 2 bila maji wakati huo huharibu uzazi hata kama mvua itarudi kwa wingi Machi. Kitabuni mwaka huo utaandikwa kuwa ulikuwa na mvua ya kawaida, na ghalani hakuna kitu. Mtama na uwele huvumilia pengo hilo, na ndiyo maana vimelimwa huko kwa vizazi vingi.

Kosa hili halijafanywa na wakulima wadogo peke yao. Mwaka 1946 wataalamu waliotumwa kutoka Uingereza walizunguka Tanganyika kwa wiki chache, mara nyingi wakiwa ndani ya ndege, wakapendekeza mpango mkubwa wa kulima karanga kwenye zaidi ya ekari milioni 3 Afrika ya Mashariki na Kati. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Kulikuwa na matrekta, wahandisi, na fedha nyingi za walipa kodi wa Uingereza. Mvua ya Kongwa haikutabirika, na udongo wake wa mfinyanzi ulipokauka ukawa mgumu kama sakafu, karanga zikashindwa kung'olewa. Mwaka 1951 mpango ukafutwa. Wagogo walioishi pale kwa mtama, uwele na ng'ombe walikuwa na majibu yote, lakini waliojua kuuliza walikuwa wachache.

Neno "wastani" lina mtego mwingine, nao huonekana kila utabiri wa msimu unapotangazwa. Mamlaka ikisema mvua itakuwa juu ya wastani, maana yake ni juu ya wastani wa mahali hapo. Mvua za juu ya wastani Dodoma bado ni kidogo mno kuliko mvua za chini ya wastani Bukoba, ambako jumla ya mwaka hukaribia milimita 2,000. Mtu aliyehama karibuni, akilini akiwa bado na masika ya kwao, husikia "wastani" redioni na kupanda mazao ya kwao.

Baridi nayo husahaulika, labda kwa sababu wengi hudhani ni suala la blanketi tu. Kila mita 1,000 za kupanda, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Ifakara iko chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari, Njombe inakaribia mita 2,000. Mahindi yanayokomaa kwa miezi 4 Morogoro tambarare yanaweza kuchukua 6 au 7 Njombe. Mwenye kuhamia huko asitegemee kuuza mahindi mabichi mapema ili alipe mkopo. Kwa upande mwingine, Juni na Julai zenye baridi kali ndizo zinazompa mkulima wa Njombe na Makete viazi mviringo, matunda ya nchi za baridi na nafuu ya wadudu wa ghalani.

Aidha, mvua nyingi si lazima iwe heri. Mkorosho wa Mtwara na Lindi unahitaji kiangazi kirefu ili uchanue na kubeba. Asubuhi za umande na ubaridi wakati wa maua huleta ubwiriunga, na mkulima hulazimika kununua salfa. Korosho zikidondoka Oktoba na Novemba, mvua ikiwahi, daraja hushuka. Mwenye nyanya hujua kwamba miezi ya mvua mfululizo ni miezi ya bakajani, na dawa za kupulizia humaliza faida. Bonde la Kilombero hutoa mpunga mwingi kwa sababu linafurika, na mafuriko hayo hayo ya Machi na Aprili hufunika njia na kuingia ndani ya nyumba zilizojengwa na watu walioliona bonde hilo Septemba, likiwa kavu na tambarare kama uwanja wa mpira.

Wafanyabiashara wadogo wanaohama huona mambo ya mvua kuwa ya wakulima. Hapo ndipo wengi hufilisika bila kujua sababu. Kwenye eneo la mvua mbili, fedha huingia mikononi mwa wateja mara mbili kwa mwaka, hata kama ni kidogo kidogo: mavuno ya vuli Januari na Februari, ya masika Julai na Agosti. Kwenye ndizi, maziwa na mboga, huingia kila wiki. Kwenye eneo la msimu mmoja fedha huingia kwa mkupuo. Juni hadi Septemba kila mtu ananunua bati, vitenge, simu na baiskeli, na harusi hufungwa. Ikifika Januari kijiji kizima kinakula akiba, kinanunua mbolea na kukopa chumvi.

Mwenye duka anayehamia Songea au Sumbawanga mwezi wa Julai huona mauzo makubwa, hudhani hiyo ndiyo hali ya siku zote, na huongeza mtaji kwa mkopo wa marejesho ya kila mwezi. Februari marejesho yanadaiwa, na daftari la madeni ya wateja limejaa. Mwenyeji mwenye duka jirani hafi, kwa sababu alijaza ghala lake la mahindi Julai bei ikiwa chini na anayauza Februari ikiwa juu. Duka lake ni la nusu mwaka, na nusu nyingine yeye ni mfanyabiashara wa nafaka. Mgeni asiyeelewa mpangilio huo humuita mwenzake mchawi.

Zao la biashara hubadilisha kalenda hiyo tena. Usukumani masoko ya pamba hufunguliwa Mei au Juni. Kwenye korosho minada huanza Oktoba, kwa hiyo Mtwara huwa na fedha wakati Rukwa imeshaanza kuishiwa. Mchuuzi wa nguo anayejua hayo huweza kuhama na mali yake kwa mwaka mzima bila kuhamisha familia.

Lakini hata kalenda yenyewe haikai sawa kila mwaka, na miaka mibaya haifanani pande zote. El Niño ya 1997 na 1998 ilileta mafuriko katika vuli ya kaskazini. Vuli ya 2005 ilikosekana sehemu nyingi za kaskazini, na mwaka 2006 nchi ikaingia kwenye mgawo wa umeme kwa sababu mabwawa yalikauka. Ukame wa 2008 na 2009 uliua mifugo mingi Longido, Monduli na Ngorongoro. Vuli ya 2019 ilipitiliza, ile ya 2022 ilikuwa haba hadi Dar es Salaam ikapewa maji kwa zamu, na ya 2023 ikaja na El Niño nyingine, ambapo Desemba 3 matope ya Mlima Hanang yaliifunika sehemu ya mji mdogo wa Katesh na kuua watu. El Niño hiyo hiyo ilipofika kusini ilifanya kinyume: Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa Februari 2024. Anayehama kutoka kaskazini kwenda kusini hahami tu kutoka mvua mbili kwenda moja, anahama pia kutoka upande mmoja wa mzani kwenda mwingine, na dalili za mwaka mbaya alizorithi kwa wazee wake hazitamsaidia sana.

Mwenye nia ya kuhama anaweza kujua ukweli bila gharama kubwa. Asiulize mvua zipo au hazipo. Aulize mvua ya kupandia ilianza lini mwaka jana na mwaka juzi, jua la katikati lilikaa siku ngapi, na mwaka gani kijiji kilinunua chakula. Hakuna mwanakijiji anayesahau mwaka wa kununua chakula. Atazame majirani wanalima nini: migomba na magimbi havidanganyi, wala mtama, uwele na mikonge. Atazame vihenge. Mahali penye vihenge vikubwa ni mahali penye msimu mmoja au miaka ya njaa. Atazame kina cha kisima mwezi wa Oktoba, na mstari wa matope kwenye miti ya bondeni.

Kisha aende kwa afisa ugani wa kata, na aombe takwimu za kituo cha mvua kilicho karibu zaidi, za mwezi kwa mwezi na si za jumla ya mwaka, kwa miaka mingi iwezekanavyo. Hapa serikali ina deni. Takwimu hizi hukusanywa kwa fedha za umma, lakini mkulima wa kawaida hajui kwamba zipo wala aanzie mlango gani kuziomba. Utabiri wa msimu hutolewa vizuri na redio husaidia, ila mtu anayeamua kuhama haulizi mvua ya miezi 3 ijayo, anauliza ya miaka 20. Halmashauri za wilaya zinazopokea wahamiaji wengi zingeweza kubandika kwenye ofisi ya kila kata karatasi moja tu yenye milimita za kila mwezi kwa miaka 10 iliyopita. Gharama yake ni ndogo kuliko chakula cha msaada kwa kaya chache.

Mahali pa kubandika karatasi hiyo papo. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mgeni anapofika mbele ya mkutano huo huulizwa ametoka wapi, ana familia ya watu wangapi na ng'ombe wangapi. Ingefaa naye ajibiwe mvua ya pale ikoje, na wanaomjibu wawe wote, si dalali peke yake.

Kubwa kuliko yote ni kutouza shamba la nyuma kabla ya kuvuna mara moja mbele. Wachaga kwa muda mrefu wameshika kihamba mlimani na shamba jingine tambarare, na mvua ikikosekana bondeni ndizi na kahawa za mlimani hubeba nyumba. Kihamba hakikuachwa kwa sababu shamba la chini limepatikana. Anayetaka kuhamia mbali anaweza kufanya vivyo hivyo kwa kukodi ekari 2 au 3 kwa msimu mmoja, kumtuma mtu mmoja wa familia akakae huko kuanzia Oktoba, apande siku ileile wanayopanda wenyeji, na abaki hadi Mei. Fedha ya kukodi itaonekana kama imepotea. Mwezi wa Februari, barabara zikiwa zimekatika, duka limekauka na mahindi yakiwa katikati ya jua au katikati ya maji, ndipo atakapompigia mkubwa wa nyumba simu na kumwambia kama kihamba kiuzwe au kisiuzwe.